Miongozo yetu inasomeka kwenye kompyuta ya aliyeiandika tu

Leo nataka kuhakiki aina ya maandishi ambayo kwetu hakuna mtu anayeihakiki: mwongozo wa programu. Riwaya inahakikiwa. Wimbo unahakikiwa. TFC inapita mbele ya juri, watu wanaikosoa mpaka jasho linakutoka. Lakini ile karatasi inayomwonyesha mtu namna ya kutumia programu kwenye simu, tunaiandika usiku mmoja, tunaitupa kwenye grupu ya WhatsApp, basi, kazi imekwisha. Mimi pia nimefanya hivyo, kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe kabla ya kugusa kazi ya wengine.

Kuna wakati nilichukuliwa kusaidia uchunguzi wa kaya huku kwetu Sange, kaya ambazo maji yalikuwa yameharibu nyumba zao. Wachunguzi walikuwa kumi na mmoja, wengi wao vijana wa hapa hapa, na kila mmoja alipewa simu yenye KoboCollect. Wengi wenu mnaijua hiyo programu: unajaza fomu bila intaneti, halafu jioni ukipata mtandao unatuma. Mimi nilipewa kazi ya kuandika mwongozo. Niliuandika nikiwa Bukavu, kwa kompyuta, na kusema kweli ulikuwa unapendeza. Kurasa kumi na nne, picha ya skrini kwa kila hatua, na juu ya kila picha nilizungusha duara jekundu pale mtu anapopaswa kufinya. Chini ya picha niliandika maneno machache tu: «Finya fasi yenye duara jekundu.»

Niliprinti kopi moja ya rangi, nikashuka nayo: Ngomo, Kamanyola, Luvungi, Luberizi, mpaka Sange. Kopi za wachunguzi tukazitoa fotokopi hapa hapa, nyeusi na nyeupe, na zingine zilikuwa fotokopi ya fotokopi. Mnajua zinavyotoka. Picha ya skrini inageuka kipande cheusi kama kaniki, na duara langu jekundu likamezwa ndani yake.

Siku ya kwanza, dada mmoja alinipigia simu akiwa kwenye nyumba za watu: «Yaya, huku umeandika tufinye fasi nyekundu. Nyekundu iko wapi? Mie naona paka giza.» Nilicheka. Nikamweleza kwa mdomo, yeye akaelewa, na nikafikiri mambo yameisha. Kumbe kulikuwa na mwingine ambaye hakupiga simu. Aliona aibu kuuliza. Mwisho wa kila fomu ile programu inakupa chaguo mbili: kuihifadhi kama rasimu ili uiendelee baadaye, au kuikamilisha ili iwe tayari kutumwa. Yeye alichagua rasimu kila mara, juu aliona neno la kuhifadhi, na kuhifadhi ni jambo zuri. Jioni alikuwa anafinya kutuma, na simu ilikuwa haina kitu cha kutuma. Fomu 23 zilibaki ndani ya simu yake. Tulizigundua baada ya siku nyingi, wakati orodha ya kwanza ilikuwa imefungwa, na zile kaya 23 zikaambiwa zingoje awamu ya pili. Mama mmoja alikuja kuniuliza kwa nini jirani yake yuko kwenye orodha na yeye hayumo, wakati walihojiwa siku moja. Ningemjibu nini? Kwamba duara langu halikupita kwenye fotokopi?

Watu walisema yule kijana hakuwa makini. Mimi nasema hapana. Hatua ya muhimu kuliko zote katika mwongozo wangu haikuwa na hata sentensi moja ya kuieleza. Ilikuwa ndani ya picha, na picha ilikufa njiani.

Shida yenyewe naiona hivi: mwongozo tunauandika kwa umbo moja, lile tunaloliona mbele ya macho yetu wakati tunaandika, na msomaji anaupokea kwa umbo lingine kabisa. Hebu tuhesabu maumbo ambayo mwongozo mmoja unapitia hapa kwetu. Kuna skrini ya kompyuta, kuna skrini ya simu yenye upana wa vidole vinne, na kuna karatasi ya rangi, fotokopi, na fotokopi ya fotokopi. Kuna picha ya ukurasa ambayo mtu ameipiga na simu na kumtumia mwenzake. Kuna sauti, pale kiongozi wa timu anaposoma na wengine wanasikiliza kwa WhatsApp. Na kuna sauti ya aina nyingine, ya simu yenyewe kumsomea mtu asiyeona. Mwongozo wangu ulikuwa mzuri katika umbo moja kati ya hayo yote.

Hii tabia tumeitoa wapi? Mimi naona tumeitoa kwenye TFC. Kwa miaka yote tuliyosoma, maandishi makubwa tuliyofundishwa kuandika yana umbo moja: karatasi za A4, jalada, epigrafu, dedikasi, shukrani, zinafungwa na spirali na kupewa juri. Tunajua kupanga pembezoni za ukurasa. Tunajua kukuza herufi ya kichwa cha habari kwa mkono na kuiwekea mstari chini. Hakuna aliyetuuliza kama kazi yetu inasomeka kwenye simu, au kama mwenzetu asiyeona anaweza kuipata sura ya tatu bila kusikiliza sura mbili za kwanza. Juri ina macho na ina meza. Dada wa Sange anayesimama kwenye mlango wa mtu, jua likiwaka kwenye skrini, hana hiyo meza.

Sasa tutazame kazi ya wakubwa, tusijihukumu peke yetu.

KoboToolbox ilianzia kwenye Harvard Humanitarian Initiative, na wale walioianzisha wamefanya uchunguzi mkubwa katika huu mashariki yetu wa Kongo. KoboCollect yenyewe imejengwa juu ya ODK Collect, programu iliyotoka kwa watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kwa hiyo hawa watu hawatujui kwa kusikia tu. Makala yao ya msaada yamepangwa vizuri, yapo kwa Kiingereza na Kifaransa, na yanaeleza hatua kwa maneno, picha inafuata. Hapo nawasifu. Lakini yameandikwa kwa mtu aliye kwenye intaneti. Neno moja linakupeleka kwenye makala nyingine, ile inakupeleka kwenye nyingine tena. Ukiyaprinti, yale maneno yenye mstari chini yanabaki mstari tu. Karatasi haifinyiki. Mwandishi angeweza kutaja jina la makala anayoielekeza, ili hata mwenye karatasi ajue aulize nini. Na Kiswahili, mara ya mwisho nilipotazama, sikukiona kwenye makala hayo.

DHIS2 ni mfano wa pili. Wale wanaofanya kazi kwenye zoni za afya wanaijua: ni programu ya HISP ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ndiyo inayobeba mfumo wa taarifa za afya wa nchi yetu, SNIS. Hawa wamefanya jambo ambalo natamani tuige. Maandishi ya mwongozo wao yanawekwa katika faili za maandishi matupu, na kutoka faili hizo hizo mashine inatoa kurasa za intaneti na pia PDF. Zamani waliandika kwa mfumo unaoitwa DocBook, baadaye wakahamia Markdown, ambayo ni nyepesi zaidi kwa mtu anayeandika. Ukisahihisha kosa sehemu moja, linasahihishwa kila mahali. Ila PDF yake ni ya kurasa mamia. Mtu wa kituo cha afya anayetaka kujua tu namna ya kuingiza takwimu za mwezi anapewa kitabu kizima. Umbo limebadilika, kipimo hakikubadilika. Kwenye skrini ya kompyuta una sehemu ya kutafuta neno. Ukikichukua kitabu hicho kwenye karatasi, au kwenye simu ndogo yenye umeme asilimia 9, kutafuta kunakuwa kazi ya siku nzima.

Mfano wa tatu ndio ulionifungua macho, na uko ndani ya zana tunayoitumia kila siku bila kuichunguza. Fomu za Kobo na ODK zinaweza kuandikwa kwenye jedwali la Excel kwa kanuni inayoitwa XLSForm. Katika hilo jedwali, swali lina safu yake, na maelezo mafupi ya kumsaidia mchunguzi yana safu yake. Unaweza pia kuongeza safu ya lugha nyingine, swali moja likawa na Kifaransa na Kiswahili, na mchunguzi akachagua. Lakini kuna safu nyingine ambayo wengi wetu tunaipita: inaitwa guidance_hint. Ni maelezo ambayo kwa kawaida hayatokei kwenye fomu. Yamewekwa kwa ajili ya fomu iliyoprintiwa au kwa wakati wa mafunzo. Maana yake, waliobuni hiyo kanuni walikaa wakajiuliza: mtu wa simu anahitaji nini, na mtu wa karatasi anahitaji nini? Wakaona mahitaji si yale yale, wakatengeneza mahali pa kila mmoja ndani ya chanzo kimoja. Mimi nilikuwa na hiyo safu mkononi, nikaiacha tupu, nikaenda kuchora maduara.

Wazo la chanzo kimoja na maumbo mengi si geni. Katika miaka ya 1980 watu wa mradi wa GNU, akiwemo Richard Stallman, walitengeneza Texinfo, ambayo kutoka faili moja inatoa kitabu cha kuprinti na pia maandishi ya kusoma kwenye skrini. Mwaka 2004 John Gruber alitoa Markdown, ambapo kichwa cha habari ni alama ya reli mwanzoni mwa mstari na hakuna kingine cha kusumbua. Mwaka 2006 John MacFarlane, ambaye kazi yake ni kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa Pandoc, programu ya bure inayochukua faili ya Markdown na kuigeuza kuwa ukurasa wa intaneti, faili ya Word, kitabu cha EPUB au PDF. Ndugu zangu, hivi vitu havihitaji kompyuta kubwa. Faili ya Markdown unaweza kuiandika hata kwenye simu.

Lakini hapa niseme wazi, juu naona wapenzi wa teknolojia kati yetu wameanza kufurahi: Pandoc haitakuokoa kama maneno yako yenyewe yanategemea umbo moja. Ningeuweka mwongozo wangu wa duara jekundu kwenye Markdown, ningepata maumbo matano, na yote matano yangesema «finya fasi yenye duara jekundu». Kasoro ilikuwa kwenye sentensi.

W3C, shirika linalosimamia kanuni za wavuti, liliandika jambo hili mwaka 2008 kwenye WCAG 2.0, kanuni za kufanya kurasa zifikike na watu wenye ulemavu: usimwelekeze mtu kwa rangi peke yake, wala kwa umbo au upande peke yake. Wengine wanafikiri kanuni kama hizo ni za nchi tajiri, au ni za vipofu tu. Mimi nawaambia fotokopi ya Sange imemfanya kila mchunguzi wetu kuwa kama mtu asiyeona rangi. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya wachache ingeokoa kaya 23 hapa kwetu.

Na hao wachache tunao. Nina rafiki tuliyesoma naye ambaye macho yake yamepungua sana. Anatumia TalkBack, ile huduma ya Android inayosoma skrini kwa sauti. Nilipomtumia ule mwongozo wangu ulioskaniwa, simu yake haikupata neno hata moja la kusoma, maana faili yote ilikuwa picha. Kwake nilikuwa nimetuma kurasa kumi na nne za ukimya. Nikamtumia tena, safari hii maandishi, na yakasomwa, ila sauti ilikuwa ya Kifaransa inayosoma Kiswahili. Alicheka sana, mimi nikaona haya. Faili ya Word au ya ukurasa wa intaneti inaweza kutangaza lugha yake, na sauti za Kiswahili zipo, kwa mfano katika eSpeak NG ambayo ni ya bure. Ni kazi ya dakika moja, na hatuifanyi. Pia aliniomba kitu ambacho sikukijua: vichwa vya habari viwe vichwa kweli, vimechaguliwa kwenye orodha ya mitindo, si maneno niliyoyakuza na kuyaweka meusi. Yeye anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na kama hakuna, analazimika kusikiliza yote tangu mwanzo.

Nilivyoandika upya ule mwongozo, ile hatua ya mwisho ilikuja hivi: «Ukimaliza maswali yote, utaona maneno mawili chini ya skrini. Moja ni la kuhifadhi rasimu. Usilichague kama umemaliza, juu rasimu haitumwi. Chagua lile la kukamilisha. Ukirudi mwanzo, hesabu fomu zilizo tayari kutumwa: zinapaswa kuwa sawa na kaya ulizozihoji leo.» Na kila neno la programu nililiandika kama linavyoonekana kwenye simu, kwa Kifaransa, halafu maana yake kwa Kiswahili. Soma hiyo kwa fotokopi, inasomeka. Isome kwa sauti kwenye WhatsApp, inasikika. Picha bado zipo, lakini zikifa, maneno yanabaki. Kurasa kumi na nne zimekuwa tano, na faili ambayo watu walikuwa wanalia ni nzito kwa mayunite yao sasa inashuka mara moja.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza: watu wetu wanaelewa picha kuliko maneno. Ni kweli picha inasaidia, hasa kwa mtu ambaye hajazoea kusoma, na sikusema tuziondoe. Lakini picha ya skrini inazeeka haraka: programu ikibadilisha sura yake, picha inadanganya, na kopi za zamani zinaendelea kuzunguka Sange mwaka mzima. Ndiyo maana kila ukurasa, si jalada tu, uwe na tarehe na namba ya toleo la programu. Karatasi haijisahihishi yenyewe.

Ya pili ni ya lugha: Kiswahili gani? Cha Dar, au hiki chetu cha finya na fasi? Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na walilazimika kuamua neno moja moja. ODK Collect nayo ina tafsiri ya Kiswahili. Hiyo kazi ni ya heshima, tuitumie. Lakini mwongozo una uhuru ambao kitufe hakina: kitufe kina nafasi ya neno moja, mwongozo unaweza kuandika «bonyeza, yaani finya» mara ya kwanza na kuendelea. Mistari mitano ya maneno magumu mwanzoni inatosha, mtu wa Uvira na mtu wa Kigoma wote wataelewa.

Naomba basi tufanye jambo moja dogo kabla ya kutuma mwongozo wowote. Tuutoe fotokopi ya fotokopi, tuone kinachobaki. Tuufungue kwenye simu ndogo kuliko yetu. Halafu tumsomee mtu kwa sauti huku amefumba macho, tumuulize angefinya wapi. Ni nusu saa. Yule mama aliyekuja kuniuliza aliingia kwenye awamu ya pili, na nyumba yake iliandikwa. Lakini alingoja, na alingoja kwa sababu ya sentensi ambayo mimi sikuiandika.